Princess Jully: Sauti ya Migori iliyopandishwa na wimbo wa onyo

MWAKA wa 1997 bendi ya Jolly Boys ya Migori ilijikuta bila kiongozi. Mwanzilishi wake, Julius Okumu, ambaye wapenzi wa benga walimjua kwa jina la Prince Jully, alikuwa ameaga dunia. Katika muziki wa Nyanza, kifo cha namna hiyo aghalabu huwa ndio mwisho wa bendi yenyewe. Wapiga gita hutawanyika kutafuta riziki kwingine, vyombo huuzwa au hugombaniwa, na jina lililokuwa likivuta umati hubaki kwenye karatasi za kanda za kaseti.

Jolly Boys haikuvunjika. Mjane wa Prince Jully, Lilian Auma, alishika kipaza sauti na kuichukua bendi. Kwa jina la Princess Jully, sauti yake ilisikika mbali sana na Migori mwishoni mwa miaka ya 1990 kupitia wimbo mmoja, Dunia Mbaya, ulioonya kuhusu Ukimwi.

Ni wachache miongoni mwa waliokuwa watu wazima miaka hiyo ambao hawakuusikia. Lakini ni wachache pia wanaoweza kutaja wimbo wake mwingine bila kusita, na hapo ndipo kisa chake kinapohitaji kuelezwa. Waimbaji wanawake wa Migori na Homa Bay wamepanda haraka na kushuka haraka, na mara nyingi kilichowashusha hakikuwa sauti.

Benga, muziki aliourithi Princess Jully, ni zao la vijana wa Kiluo ambao katika miaka ya 1950 na 1960 walichukua mdonoo wa nyuzi za nyatiti wakauhamishia kwenye gita. Migori iko karibu kabisa na chimbuko hilo. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, ndiko Shirati, alikotoka Daniel Owino Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, aliyefariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2006. Kutoka Nyanza Kusini hiyo hiyo alitoka Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji wa sahani za santuri ambaye baadaye alikuwa mbunge. Santuri zake zilifika mbali kusini kiasi kwamba nchini Zimbabwe benga ikaja kuitwa kanindo.

Majina yote hayo ni ya wanaume. Si kwamba mwanamke wa Kiluo hakuwa mwimbaji. Nyimbo za dodo zilikuwa za wanawake, na katika matanga mjane alitarajiwa kuomboleza kwa wimbo, akitaja sifa za marehemu mbele ya waombolezaji. Lakini nyatiti kilikuwa chombo cha wanaume, na gita lilirithi mwiko huo pasipo mtu kuutangaza. Mwanamke aliyeingia katika bendi ya benga aliingia kama mwitikiaji au mchezaji. Kuongoza, kulipa mishahara, kukubaliana bei na mwenye baa, kuwafuta wapigaji waliochelewa: hayo yalikuwa ya wanaume.

Kwa hiyo hatua ya mjane huyo ilikuwa na uzito zaidi ya kubadilisha mwimbaji. Kwa mila ya Waluo mjane alitarajiwa kurithiwa na ndugu wa mumewe, desturi inayoitwa tero, na mali ya marehemu ilitazamwa kama mali ya ukoo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika nchini mwaka wa 1981, humtambua mjane. Vijijini mila na sheria zimekuwa zikivutana tangu hapo. Na bendi ni mali ya ajabu. Haina hati kama shamba. Magita na vipaza sauti vyaweza kuhesabiwa, lakini jina, nyimbo na utiifu wa wapigaji havihesabiki, na ndivyo vyenye thamani. Princess Jully alivishika vyote vitatu, jambo ambalo waimbaji wengi wa kiume walioachiwa bendi na ndugu zao hawakuliweza.

Wimbo uliompandisha ulitoka katika wakati mbaya kuliko yote. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka wa 1984, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 maradhi hayo yalikuwa yamezitafuna familia za Nyanza kuliko eneo jingine lolote la nchi. Serikali ilikawia. Rais Daniel arap Moi aliutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999, zaidi ya miaka 15 baada ya mgonjwa huyo wa kwanza.

Mazingira ya Migori na Homa Bay yaliupa ugonjwa njia nyingi. Barabara kuu inayoelekea Isebania hupitisha malori ya kwenda na kutoka Tanzania. Kiwanda cha sukari cha Sony, kilichofunguliwa Awendo mwaka wa 1979, kilileta vibarua na siku za mishahara. Kule ziwani, kuanzia Muhuru na Sori hadi Mbita, wavuvi waliingiza pesa taslimu kila siku, na mwanamke mchuuzi aliyetaka kuhakikishiwa samaki alilazimika mara nyingi kuingia katika uhusiano na mvuvi, mtindo unaoitwa jaboya. Mahali palipo na pesa za haraka na watu walio mbali na makwao, hapakosekani baa, na palipo na baa hapakosekani benga. Muziki ulikuwa ukipigwa katikati ya maambukizi.

Kulikuwa pia na tatizo la jina. Mtu aliyekonda, akakohoa, akaharisha hadi akafa, ndugu zake wengi walisema amepatwa na chira, laana imfikayo aliyevunja mwiko. Chira ilikuwa na faida moja kwa walioachwa: iliweka sababu katika mila, na kumwepushia marehemu aibu ya kitandani. Hasara yake ni kwamba hakuna aliyejikinga na ugonjwa ambao haukutajwa. Ndiposa wimbo wa kuonya, uliopigwa si kanisani wala hospitalini bali penye kucheza, ulikuwa na nguvu ambayo mabango ya Wizara ya Afya hayakuwa nayo. Aliyeinuka kucheza alijikuta akicheza onyo.

Tena wakati huo kuimba kuhusu Ukimwi kulikuwa karibu sawa na kuimba kuhusu makaburi. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo Ulaya na Marekani tangu mwaka wa 1996, lakini bei yake haikufikiwa na mkulima wala mvuvi. Ni mwaka wa 2001 ambapo shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa hizo bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, miongoni mwa vituo vya kwanza vya umma kufanya hivyo nchini.

Princess Jully hakuwa wa kwanza katika kazi hiyo. Franco, jabali la muziki wa Zaire ya wakati ule, alitoa wimbo wa tahadhari kuhusu Ukimwi mwaka wa 1987, miaka miwili kabla ya kifo chake. Nchini Uganda, Philly Lutaaya alijitokeza hadharani mwaka wa 1989 na kusema kwamba yeye mwenyewe alikuwa na virusi, akaimba kuhusu hali yake, na kufariki Desemba mwaka huo huo. Kilichomtofautisha mwimbaji wa Migori ni kwamba aliimba kama mwanamke na kama mjane, watu wawili ambao jamii ilikuwa imezoea kuwalaumu kwa ugonjwa huo badala ya kuwasikiliza.

Jina la wimbo nalo lilisaidia. Likiwa la Kiswahili, liliuvusha muziki wa Kiluo hadi kwa wasikilizaji wasiojua neno hata moja la Kiluo, kwani kila Mkenya alielewa maana ya dunia mbaya, hata kama hakufuata beti zote. Huo ndio uliokuwa upeo wa mwimbaji huyo, na kwa kipimo chochote ni upeo wa juu: mwanamke wa kuimba benga, kutoka wilaya ya mpakani, kujulikana taifa zima kwa kusema jambo ambalo viongozi wengi waliogopa kulitaja.

Wimbo wa janga, hata hivyo, humfunga mwenyewe. Msanii aliyepata jina kwa wimbo wa mapenzi huombwa mwingine wa mapenzi. Aliyepata jina kwa kuonya kuhusu maradhi huitwa kwenye mikutano ya uhamasishaji, huombwa wimbo ule ule, kisha mikutano hupungua pindi wafadhili wanapohamia kwingine. Dawa zilipoenea katika miaka ya 2000, hofu ilipungua hata mahali ambapo ugonjwa haukupungua sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay walikuwa na virusi, na asilimia 13.0 huko Migori, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Takwimu hizo ni nzito, lakini sehemu yake ni habari njema, maana wanaohesabiwa ni watu walio hai kwa sababu wanakunywa dawa. Mwimbaji wa onyo la kifo hubaki na wimbo ambao wakati wake umepita, ingawa ugonjwa wenyewe haujapita.

Kuna njia nyingine ya kuelewa kushuka kwa mwimbaji, nayo ni kumlinganisha na yule anayeimba mahali ambapo kazi hiyo ina taratibu kamili. Katika majumba ya opera ya Ulaya, mwanamke mwenye sauti ya juu kabisa huitwa soprano, naye huimba bila kipaza sauti, akishindana na okestra nzima kwa takriban saa tatu. Maria Callas, aliyezaliwa New York mwaka wa 1923 kwa wazazi Wagiriki, ndiye mfano unaotajwa zaidi. Usiku wa Januari 2, 1958, jijini Roma, mbele ya rais wa Italia, aliondoka jukwaani baada ya sehemu ya kwanza ya opera ya Norma kwa kuwa sauti ilimkataa, na magazeti yakamrarua. Mara ya mwisho kuimba opera nzima ilikuwa London, Julai 1965, akiwa na umri wa miaka 41. Alifariki Paris mwaka wa 1977, na mpaka leo wataalamu hubishana kuhusu kilichoiharibu sauti ile.

Callas alishuka kwa sababu ya koo. Mengine yote yaliyomzunguka yalibaki imara: mikataba iliandikwa, maonyesho yalikuwa na tarehe, na rekodi zake zimeendelea kuuzwa kwa jina lake miaka mingi baada ya kifo. Kwa mwimbaji wa Migori mambo ni kinyume. Koo huhimili. Huimba kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, katika moshi na vumbi, jenereta likinguruma nyuma ya jukwaa, na kesho yake huimba tena. Kinachoporomoka ni kila kitu kilicho nje ya koo.

Pesa yenyewe huja kwa njia isiyotabirika. Mwenye baa hulipa ada ya usiku, ambayo hugawanywa na kundi la watu wanane au kumi, gharama ya gari na mafuta ikitolewa kwanza. Kinachobaki hutegemea pakruok. Shabiki husimamisha muziki, hutoa noti, kisha hujisifu kwa kipaza sauti: nyumbani kwao, shemeji zake, ng'ombe wa babake, masomo ya mtoto wake. Muziki huendelea hadi mwingine asimame amzidi kwa maneno na kwa noti. Mgeni anaweza kuona ni utani tu, lakini ndiyo bajeti ya bendi. Ndiyo sababu pia nyimbo nyingi za benga zimejaa majina ya watu. Wengi wao walilipia kutajwa. Mvua ikikosekana, kiwanda kikikawia kulipa wakulima wa miwa, au samaki wakiadimika, pakruok huwa ya kwanza kunyamaza.

Kanda za kaseti, ambazo zingepaswa kuwa akiba, zilikuwa za wengine. Msanii wa miaka ya 1990 alirekodi kwa mtayarishaji, akalipwa mara moja, mara nyingine bila karatasi yoyote, na wimbo ukiwa maarufu nakala haramu zilijaa stendi za matatu kabla ya halali kufika. Umaarufu ulimnufaisha aliyekuwa na mashine ya kunakili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ilianza kutumika mwaka wa 2003, ikaunda Bodi ya Hakimiliki, na stika maalumu zikaanza kubandikwa kwenye kanda na CD ili kutambulisha zilizo halali. Kwa wimbo uliovuma kabla ya hapo, stika zilifika wakati soko limekwisha kula.

Kisha ladha ikabadilika. Katika miaka ya 2000 ohangla, ngoma ya asili ya Waluo iliyokuwa ikipigwa katika harusi na matanga ya wazee, ilitiwa kinanda cha umeme na kuwa muziki wa vijana. Tony Nyadundo na wenzake waliipeleka hadi kumbi za Nairobi. Ohangla ilihitaji watu wachache na vyombo vichache, kwa hiyo ilikuwa na bei nafuu kwa mwenye baa, na benga yenye magita matatu ikaanza kuonekana ghali.

Mabadiliko hayo yalimwinua mwanamke mwingine wa Migori, Maureen Achieng, aliyejulikana kama Lady Maureen. Alikuwa malkia wa ohangla wa kizazi chake, mwenye sauti kali iliyopita juu ya ngoma bila kusumbuka. Safari yake ilifuata njia ile ile kwa kasi zaidi. Maradhi yalimwondoa jukwaani, na alifariki Januari 2022 baada ya kuugua kwa muda mrefu. Rambirambi zilitoka kwa wanasiasa wakubwa nchini. Si ajabu, kwani waimbaji wa eneo hilo ndio hukusanya watu kabla mwanasiasa hajafika uwanjani; ila kazi hiyo hupatikana kila baada ya miaka mitano, na haina bima ya matibabu. Kwa msanii aliyelazwa, mpango wa kawaida wa afya nchini ni nambari ya simu inayosambazwa kuomba mchango.

Miaka miwili kabla ya kifo hicho, janga la korona lilikuwa limeonyesha jinsi msingi wa kazi hii ulivyo mwembamba. Machi 2020 baa zilifungwa, kafyu ikaanza, na waombolezaji mazishini wakawekewa kikomo cha watu 15. Agizo la kikomo hicho lilitolewa kwa ajili ya afya, nalo lilikuwa na sababu zake, lakini huko Migori na Homa Bay lilifunga pia mlango wa kipato, kwa kuwa usiku wa matanga ndio ambao bendi nyingi ndogo huutegemea. Baa ziliruhusiwa kufunguliwa tena mwishoni mwa Septemba mwaka huo, kafyu ikiwa bado inaendelea. Muziki unaoanza saa tatu usiku haukuwa na nafasi humo.

Kuhusu mirabaha, historia ni ya mivutano. Chama cha MCSK, kilichoundwa mwaka wa 1983, ndicho kilichokusanya ada kutoka kwa redio, hoteli na matatu kwa miaka mingi, huku wasanii wakilalamika kwamba wanachopata hakitoshi nauli ya kwenda kukichukua. Mwaka wa 2017 Bodi ya Hakimiliki ilikinyima leseni na kuipa kampuni nyingine. Kwa msanii wa Nairobi huo ulikuwa mzozo wa ofisi mbili. Kwa wa Migori, aliye karibu kilomita 370 kutoka Nairobi, ulimaanisha kuanza upya kujiandikisha.

Sheria yenyewe ni nzuri ikisomwa. Hakimiliki ya wimbo hudumu muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa maana hiyo nyimbo alizotunga Prince Jully hadi mwaka wa 1997 bado ni mali ya warithi wake, na zitaendelea kuwa hivyo hadi miaka ya 2040. Marekebisho yaliyotiwa saini mwaka wa 2022 yaliongeza jambo jingine: katika mapato ya milio ya simu, msanii au mwenye haki apewe angalau asilimia 52, kampuni ya simu isizidi 39.5, na mtoa huduma wa kati asizidi 8.5.

Ugumu uko kwenye maneno hayo mawili, mwenye haki. Nyimbo zilizorekodiwa kwenye kaseti miaka ya 1990 zimeingizwa kwenye simu na intaneti na watu wa kila aina: watayarishaji wa zamani, watoto wao, wauza CD, na mashabiki wenye nia njema. Anayelipwa asilimia 52 ni yule ambaye jina lake limo kwenye fomu ya usajili. Ili kulibadilisha, msanii au mjane wa msanii hudaiwa mkataba wa awali, ule ambao mara nyingi haukuwahi kuandikwa.